Mbegu Husubiri Mvua, Bakteria Hawasubiri: Kisa cha Maharagwe ya Mutu-ini

Simu iliingia Jumatatu asubuhi, wiki ya sita tangu maharagwe yapandwe. Mwenyekiti wa kikundi hakurefusha salamu. "Mwalimu, ile dawa uliyotushauri tununue imetuchezea. Maharagwe yamekuwa manjano. Njoo ujionee mwenyewe."

Sifundishi darasani. Nimesomea kilimo, na kazi yangu ni kuzunguka kwenye vikundi vya wakulima wadogo upande wa Dagoretti, Nairobi, lakini huko Mutu-ini wananiita hivyo tangu siku ya kwanza. Na "dawa" waliyoisema si dawa. Ni mbolea hai: bakteria wanaoishi na jamii ya kunde, wakiwa wamefungashwa kwenye unga mweusi laini. Wakulima wengi hapa huita kila kitu cha dukani dawa, na siku ile ya kwanza sikuona haja ya kuwasahihisha. Leo naona haja hiyo, na kisa hiki kitaonyesha kwa nini.

Wanachama ni kumi na mmoja. Mashamba yao ni vipande vya robo ekari, vingine thumuni, vilivyobaki nyuma ya nyumba za kupangisha. Ukipita kwa gari hutajua yapo. Kuna nyasi za nepia za ng'ombe ukingoni, sukuma wiki karibu na jikoni, na maharagwe na mahindi katikati. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa fatalaiza ulipopita shilingi 6,000, wengi wao waliacha kabisa. Serikali ilipoleta ya ruzuku kwa shilingi 3,500, kisha 2,500 mwaka 2023, walirudi, lakini kwa kupimiwa kilo mbili tatu kwenye karatasi. Ndiyo maana nilipowaambia kuna bakteria wanaoweza kulilisha haragwe nitrojeni kutoka hewani kwa gharama ya paketi moja ndogo, walisikiliza.

Jambo lenyewe ni la kweli na ni la zamani. Hewa tunayovuta ni nitrojeni kwa asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuila ikiwa vile. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, walithibitisha kwamba jamii ya kunde huipata kupitia vinundu vya mizizini, na mwaka 1888 Mholanzi Beijerinck akawatenga bakteria wenyewe. Bakteria hawa, rizobia, huingia kwenye unywele wa mzizi, mmea unawajengea kinundu na kuwalisha sukari, nao wanaugeuzia nitrojeni ya hewa kuwa chakula. Hapa kwetu elimu hii haikuletwa jana. Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Kabete, kimekuwa kikifuga na kuchunguza rizobia tangu miaka ya 1970, na kutoka Mutu-ini hadi Kabete ni mwendo mfupi tu wa matatu.

Basi kikundi kilichanga pesa, kikanunua paketi tatu za gramu 100 kutoka duka moja la agroveti, zote za boksi moja. Mvua ya kwanza ya vuli ikanyesha Ijumaa usiku katikati ya Oktoba. Jumamosi asubuhi tukakutana barazani kwa mwenyekiti. Maharagwe, Rosecoco ya kupimwa kwa gorogoro sokoni, yakamwagwa kwenye gunia safi. Tukayanyunyizia maji ya sukari ili unga ushike, tukamwaga ule unga, tukatikisa gunia huku na huku mpaka kila punje ikavaa koti jeusi. Mama mmoja alikuja na mbegu yake ya pakiti, yenye rangi ya waridi, tukaichanganyia kando. Kila mtu akaondoka na fungu lake. Neno langu la mwisho lilikuwa: "Sasa nendeni mkapande."

Sasa nilikuwa nimesimama katikati ya manjano.

Shamba la kwanza nililoingia majani ya chini yalikuwa yamepauka kabisa, na ya juu yalikuwa na kijani cha kuchoka. Hiyo ni njaa ya nitrojeni: mmea huinyonya kutoka majani ya zamani na kuyapa machanga. Shina mimea ilikuwa nayo, na maua yalikuwa yameanza, kwa hiyo haikuwa inakufa. Ilikuwa inaishi kana kwamba hakuna aliyeipa kitu. Nikahesabu mashamba manane mabaya, karibu yote ya namna hiyo. Mengine matatu yalikuwa tofauti, na hakuna aliyekuwa ameniambia habari zake.

Wazo la kikundi lilikuwa moja: tumeuziwa feki. Siwalaumu. Mkulima wa Kenya ameuziwa vitu vingi visivyo vyenyewe, na mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Hata mimi nilianza na paketi. Nilisoma maandishi yake: ilikuwa ya maharagwe, na tarehe ilikuwa haijapita. Hilo la zao ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kila zao lina bakteria wake. Wa soya hawatengenezi vinundu kwenye haragwe, na anayeuziwa paketi ya soya apande Rosecoco amenunua unga tu. Nikaenda dukani. Paketi zilizobaki zilikuwa kwenye rafu karibu na dirisha, na jua la alasiri linazipiga moja kwa moja. Moyo wangu ukasema, nimempata.

Lakini mashamba matatu ya kijani yalitumia boksi lile lile, unga ule ule, kutoka gunia lile lile. Kama paketi zilikufa dukani, zingekufa kwa wote.

Shamba zuri kuliko yote lilikuwa la Shosho, mama wa zaidi ya miaka sabini ambaye ana ng'ombe wawili wa kufungiwa. Nilimwomba ruhusa ya kung'oa mche mmoja. Alikataa nisiung'oe. Akaleta jembe la uma, akachimba pembeni taratibu, akauinua mche na donge lake la udongo mwekundu, akaulaza kwenye karai lenye maji mpaka udongo ukaachia wenyewe. Ndivyo inavyotakiwa, ukivuta kwa mkono vinundu vinabaki ardhini na utaapa havikuwepo. Mizizi ikabaki ikielea, na juu yake vinundu vya mviringo, vikubwa kama punje ya mtama, vimejazana karibu na shina. Nikakata kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama mbichi. Wekundu ule ni wa protini inayofanana na ile ya damu yetu, na kazi yake ni kuwagawia bakteria oksijeni kwa kipimo, kwa kuwa ikizidi kazi ya nitrojeni inakwama. Kinundu chekundu kinafanya kazi. Cheupe bado kichanga au ni mgeni asiyelipa kodi. Cha kijani au kahawia kimezeeka.

Tuliporudi kwenye mashamba ya manjano na karai letu, tulipata vinundu vichache, vidogo, vingi vyeupe ndani, vimetawanyika mbali na shina. Hao ni bakteria wenyeji, waliokuwa udongoni miaka yote maharagwe yakipandwa hapa. Kwenye shamba moja mama mwenye nyumba alinionyesha kwa furaha mizizi iliyovimba sana. Ilibidi nimwambie ukweli: hayo ni mavimbe ya minyoo ya mizizi. Kinundu hubanduka kwa kukisukuma na kidole, kwa sababu kimeshikizwa ubavuni mwa mzizi. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, na haubanduki.

Kwa hiyo swali likageuka. Kwa nini bakteria wale wale walifika kwenye mizizi ya Shosho na hawakufika kwa wengine? Nikaacha udongo, nikaanza kuuliza watu. Sikuuliza walitumia nini. Niliuliza walipanda lini.

Shosho alipanda Jumamosi ile ile kabla ya magharibi. Kijana mmoja wa kazi za mjengo alipanda saa nane mchana, kwa sababu Jumapili alikuwa anaitwa kazini. Mama mwingine alipanda Jumapili alfajiri kabla ya kwenda kanisani. Hao ndio watatu wa kijani.

Wengine sita walingoja. Jumapili jua liliwaka, Jumatatu likawaka zaidi, udongo wa juu ukakauka, wakasema: tusitupe mbegu, mvua itarudi. Mvua ilirudi Jumatano usiku, wakapanda Alhamisi. Siku tano. Mbegu zikiwa zimekaa kwenye beseni, kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na kwa mmoja wao juu ya ukuta chini ya mabati, mahali ambapo Oktoba mkono hauvumilii.

Nataka niseme wazi kwamba walifanya kama mkulima mwenye akili anavyofanya. Mbegu kavu husubiri mvua; hiyo ni hekima ya wazazi wetu na imeokoa misimu mingi. Lakini juu ya ngozi ya mbegu ile palikuwa na kiumbe ambaye hajui kusubiri. Rizobia kwenye unga wao wenye unyevu, kivulini, wanakaa miezi. Wakishapakwa kwenye mbegu na unyevu ukakauka, wanaanza kufa kwa saa, na joto na mwanga wa jua vinawaharakisha. Mbegu iliyopakwa inatakiwa ifukiwe siku hiyo hiyo, na ikichelewa sana isizidi saa 24. Ikipita hapo, ipakwe upya.

Na mimi sikuwaambia. Nilisema "nendeni mkapande," nikadhani neno "sasa" limebeba ujumbe wote. Kosa hilo ni langu, na nililisema mbele ya kikundi kizima kabla sijasema lingine lolote.

Nilimuuliza Shosho kwa nini yeye hakungoja mvua. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anapumua. "Ulisema wako hai. Hii ni kama uji wa kuchacha. Ukishatia ule wa jana kwenye unga mpya, huwezi kuuacha juani ukaenda zako." Mabaki ya unga mweusi, vijiko viwili hivi, alikuwa ameyakunja kwenye paketi na kuyaweka kwenye chungu kilichofunikwa, pembeni ya stoo, mahali penye baridi. Kwenye kikundi chote ni yeye peke yake aliyelisikia neno "hai" kama lilivyo. Wengine walisikia "dawa", na dawa ya dukani haioni njaa wala haifi juani.

Mabaki yale yalinipa nafasi ya kumaliza ubishi wa feki. Nilikaanga mchanga wa ujenzi kwenye sufuria kuukuu mpaka kila kilichokuwa hai ndani yake kikafa, nikaujaza kwenye mikebe sita ya maziwa iliyotobolewa chini. Mitatu ilipandwa maharagwe yaliyopakwa mabaki ya Shosho, mitatu maharagwe makavu, yote kwenye kibaraza chake, na mjukuu wake akawa mwagiliaji kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Baada ya wiki tano tulimwaga mikebe mbele ya wanachama wote. Mitatu ilikuwa na vinundu. Mitatu haikuwa na hata kimoja. Mwenyekiti alikata viwili kwa ukucha wake mwenyewe, akaviona vyekundu, na neno feki halikutajwa tena. Kwa mwenye duka nilirudi pia, nikamweleza jua la dirishani, akazihamishia paketi zake rafu ya chini nyuma. Hazikuwa zimekufa bado, lakini zilikuwa njiani.

Mashamba mawili ya mwisho yaliniumiza kichwa zaidi, kwa kuwa wenyewe walipanda kwa wakati.

La kwanza lilikuwa la mzee ambaye maharagwe yake yalikuwa ya kijani kibichi kushinda hata ya Shosho. Nililihesabu na mabaya kwa sababu ya mizizi: ilikuwa mitupu kabisa. Mzee alikuwa ametia shimoni DAP, fatalaiza yenye nitrojeni na fosforasi, mbegu juu yake, kisha CAN, fatalaiza nyingine ya nitrojeni, wakati wa kupalilia. Mfuko wa kilo 50 wa DAP una kilo 9 za nitrojeni, na mmea ukiipata nitrojeni mlangoni hauoni sababu ya kuwajengea bakteria nyumba na kuwapa sukari yake. Tena fatalaiza ikigusana na mbegu, chumvi yake inawaua bakteria kabla hawajaanza safari. Mzee alilipa mara mbili kwa kitu kimoja. Majirani walipoona kijani chake walisema hiyo ndiyo dawa yenyewe, na sikuwa na haki ya kuwabishia kwa maneno matupu. Nilisema tungoje mavuno.

La pili lilikuwa la mama aliyepanda Jumamosi jioni, akafuata kila kitu, na akapata mimea mifupi ya kusikitisha. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi, maana hakukosea popote. Tulipeleka udongo wake kwenye maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, pale Kabete. Majibu: pH, yaani kipimo cha uchachu, 4.9, ambao ni uchachu mkali, na fosforasi kidogo mno. Udongo mwekundu wa upande huu ni mzuri kwa kina na kwa kushika maji, lakini una tabia ya kuikamata fosforasi na kuifungia kwenye madini ya chuma na alumini, na ukishakuwa mchachu namna hii hali inakuwa mbaya zaidi. Miaka mingi ya DAP bila chokaa huusukuma huko huko. Rizobia hawazaani vizuri kwenye uchachu huo, na kinundu ni kazi inayokula fosforasi nyingi. Bakteria huleta nitrojeni. Fosforasi hawaleti, chokaa hawaleti. Shosho alikuwa na samadi ya ng'ombe wawili na jivu la jikoni alilolimwaga shambani miaka nenda miaka rudi, na jivu hupunguza uchachu. Bakteria wake waliingia kwenye nyumba iliyokuwa imeshatayarishwa.

Hapo mtu makini atauliza: basi si samadi tu iliyofanya kazi kwa Shosho? Niliuliza hivyo mwenyewe. Bahati ni kwamba mbegu zilizopakwa zilimwishia kabla ya kumaliza shamba, akajazia mistari minne kwa Rosecoco kavu ya jikoni, udongo ule ule, samadi ile ile. Wakati wa kuvuna, mapema Januari, kila mmoja alitenga mistari miwili ya hatua kumi, tukapura na kupima kwa kikombe kimoja cha bati kwa wote. Mistari ya Shosho iliyopakwa ilitoa vikombe vitano na nusu. Ile isiyopakwa, vinne. Waliongoja mvua walipata kati ya vitatu na vinne. Mzee wa DAP alipata sita. Mama wa udongo mchachu, viwili.

Sita ni zaidi ya vitano na nusu, na nililisema hilo mbele ya watu. Lakini baadhi ya vikombe hivyo sita vilitokana na fosforasi ya DAP, ambayo Shosho aliipata kwenye samadi, na nusu kikombe kile mzee alikilipia kwa mifuko ya kupimiwa mara mbili. Kikombe kimoja na nusu alichozidi Shosho juu ya mistari yake mwenyewe kilitoka kwenye fungu lake la unga mweusi, kiasi cha viganja viwili. Na sipendi kuwaahidi watu mbingu: haragwe la kawaida si hodari wa kukamata nitrojeni kama soya, na mashamba ambayo yamepandwa maharagwe miaka mingi yana bakteria wenyeji wanaogombania mizizi na wageni. Nyongeza hii nimeiona hapa, mistari hii, msimu huu. Nyingine zitakuwa kubwa, nyingine ndogo.

Yule mama wa mbegu ya waridi sijui nimweke wapi. Rangi ile ni dawa ya kuua ukungu, na nyingi za aina hiyo huwaua na bakteria. Lakini yeye naye alingoja mpaka Alhamisi, kwa hiyo siwezi kusema kwa uhakika kilichoua ni rangi au ni siku tano.

Mwezi wa Machi tulikutana tena kabla ya masika, na safari hii hatukukutana barazani. Kikundi kilikata shauri kwamba kuchanganya kwa pamoja ndiko kulikoleta tatizo, kwa sababu gunia moja lililazimisha siku moja kwa watu wenye siku tofauti. Sasa kila mtu anachukua kiasi chake cha unga, kimekunjwa vizuri, na kukihifadhi penye baridi. Mashimo yanachimbwa kwanza. Mvua ikishika na udongo ukalowa, ndipo mbegu zinapakwa pale pale ukingoni mwa shamba, chini ya mgomba au mwavuli, kidogo kidogo, kiasi cha kupanda kwa saa moja. Kijana wa mjengo ndiye anayekumbusha wengine kwa simu. Mzee wa DAP amekubali kujaribu nusu ya shamba kwa TSP, ambayo ina fosforasi bila nitrojeni, na nusu nyingine abaki na mazoea yake. Mama wa udongo mchachu alimwaga chokaa ya kilimo Februari, akaichanganya na udongo kwa jembe, na tunajua haitamaliza kazi kwa msimu mmoja.

Wa mbegu ya waridi aliniuliza kama anaweza kuiosha ile rangi kwanza ndipo apake. Nilimwambia asijaribu, dawa ile si ya kushikwashikwa kwa mikono mitupu, wala maji yake si ya kumwaga kuku wanapokunywa. Shosho alikuwa anasikiliza. Aliingia ndani, akatoka na gorogoro iliyojaa Rosecoco iliyochaguliwa punje kwa punje kutoka mistari yake mizuri, akamkabidhi, akamwambia: "Hizi hazijapakwa kitu. Utanirudishia Julai. Lakini usipake kabla hujaniita."